Kisu Kilichofunguka Kirahisi

Naapa kwa macho yangu mawili, haya yote ni kweli tupu, kuanzia kisu mpaka damu. Ukikuta uongo humu ndani, ujue ni wa Mzee Nyati. Mimi nimeubeba tu kama nilivyoukuta.

Mzee Nyati alikuwa fundi wa lifti mpaka alipostaafu. Maisha yake ya kazi aliyamalizia ndani ya mashimo ya maghorofa, grisi mpaka kwenye nyusi, na mnyama mkubwa kuliko wote aliyepambana naye humo alikuwa paka. Lakini jioni, sebuleni kwa dada yake, aligeuka mwindaji. Alikuwa na kisa cha nyati aliyemchuna peke yake kwa kisu cha kukunja, mvua ikimchapa mgongoni, huku nyati jike amesimama pembeni akingoja amalize ili aondoke na mumewe. Kila mwaka nyati yule aliongezeka uzito. Watu wakacheka, wakampa jina, jina likamganda.

Mtu mmoja tu hakucheka: shemeji yake, mume wa dada yake, fundi cherehani. Yeye alisikiliza huku ameinamia nguo, na mwisho akauliza maswali ya fundi. Ngozi ya shingo ilikuwa nene kiasi gani? Kisu kilianzia wapi? Alimwamini mzima mzima, na Nyati, ambaye hakuna aliyekuwa akimwamini hata alipotaja saa, alimpenda kwa hilo.

Kisha kiharusi kikampiga fundi cherehani. Mkono wa kulia ukafa, ukabaki unaning'inia kama wa koti lililotundikwa. Cherehani ikafunikwa shuka. Mkewe akawa anamkatia nyama vipande vidogo vidogo sahanini, naye anakula akitazama ukuta. Akapunguza maneno. Halafu akapunguza na kula.

Siku moja akamwambia Nyati, "Shemeji, nipeleke porini."

"Porini kuna nini?"

"Wewe ndiye unajua kuna nini. Tukalale, tukijaliwa tuwinde hata kanga. Ila kwanza unichagulie kisu. Cha kukunja, nikae nacho mfukoni kila siku. Nataka nikate kitu mwenyewe, kwa mkono huu uliobaki."

Nyati akacheka kidogo, akatafuta udhuru. Dada yake akamvuta mpaka barazani.

"Kaka, nakuomba," akamwambia kwa sauti ya chini. "Jana kakataa hata uji. Hiki ni kitu cha kwanza kukitaka tangu augue. Mpe."

Basi wakaenda. Duka lilikuwa jembamba, limejaa makufuli, kamba, tochi na mabomba mpaka darini, na nyuma ya kaunta alikaa mama mmoja aliyefunga miwani yake kwa uzi. Alipoelezwa shida, hakuuliza bei wanayotaka. Alimtazama fundi mkono, akatandika taulo, akapanga visu vitatu.

Cha kwanza kilikuwa kidogo, cha kufunguliwa kwa ukucha. Fundi akakishika kwa kushoto, akakikwaruza, akakibana mbavuni kwa kiwiko. Hakikufunguka.

"Hicho kinataka mikono miwili," mama akasema, akakiondoa kabla aibu haijakaa.

Cha pili kilikuwa cheusi, mpini wa plastiki, na ubavuni mwa chuma kuna kinundu cha kusukuma kwa kidole gumba. Kilipofunguka kililia *ka*, kikakaza. "Hiki kina loki," mama akaeleza. "Kikishafunguka hakirudi mpaka ubonyeze hapa. Ni kigumu siku za mwanzo, lakini mkono utazoea."

Fundi akasukuma. Kidole kikateleza. Akasukuma tena mpaka jasho likamtoka puani. Kikafunguka nusu, kikarudi.

Cha tatu kilikuwa kikubwa, mpini wa pembe, chuma chake kipana kinang'aa. Fundi akakigusa tu kwa kidole gumba, na chenyewe kikafunguka kama mlango wa jirani mwema. Uso wake ukabadilika. Nyati hakuwa ameuona uso ule kwa muda mrefu.

"Shemeji," fundi akauliza, "kile cha nyati kilikuwa kama hiki?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Nyati alijua chuma. Mtu aliyefunga breki za lifti hawezi kudanganywa na springi, na alipokitikisa kile kisu alisikia kimelegea kwenye ekseli, pale chuma kinapojikunjia. Lakini katika kisa chake mpini ulikuwa wa pembe. Ulikuwa wa pembe tangu mwanzo, na fundi hakuwa mtu wa kusahau.

"Pacha wake," akasema.

"Baba, hicho kimelala hapa muda mrefu," mama akaingilia. "Kinafunguka kirahisi kwa sababu springi imechoka. Hakina loki. Kukata kamba, sawa. Ukikichomeka kwenye kitu kigumu, kitajikunja na vidole vyako viko ndani. Mchukulie mwenzako hiki cheusi."

"Loki ni za watoto wa shule, mama yangu. Mimi nimemchuna nyati na kisu kisicho na loki."

Mama akamtazama juu ya miwani. "Nyati alikuwa amelala?"

"Alikuwa amekufa."

"Basi huyo hakukusumbua."

Fundi akacheka. Kicheko kilimtoka kimekauka, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi, na kwa sababu ya kicheko kile Nyati akalipa, akafunga mdomo. Njia nzima ya kurudi fundi alikuwa akifungua na kufunga, kufungua na kufunga, mkono ndani ya mfuko. Jioni ile alikata mkate mwenyewe. Mkewe aliingia jikoni, akafungulia bomba ili wasimsikie akilia.

Jumamosi wakapanda basi mpaka kituo cha mwisho, wakatembea hadi kwenye vichaka. Mbingu ilikuwa ya kijivu, imeshuka. Hapakuwa na kanga wala unyoya wake. Nyati alihangaika na hema la turubai la kuazima, kamba zikimfunga yeye badala ya hema, akisema wawindaji wa zamani hawakutumia hema.

Pembe moja ya turubai ilikuwa imechanika penye tundu la kamba. Mtu mwingine angefunga fundo, akaendelea. Fundi cherehani hawezi kulala chini ya kitambaa kilichochanika. Akakaa, akalaza turubai juu ya goti, akapapasa kando ya mpasuko pale lilipokunjwa mara mbili, mahali pa kufungua tundu jipya. Akafungua kisu. Nyati aliona, akaelewa, akavuta pumzi ya kusema neno. Neno lenyewe lilikuwa, springi imechoka, shemeji. Kulisema ilikuwa kuufuta mpini wa pembe, na nyati, na mvua, na jike lake. Akalimeza.

Fundi akachomeka ncha, akasukuma kwa uzito wa bega. Turubai likagoma. Kisu kikajikunja.

Hakupiga kelele. Alisema tu "Aa," kama mtu aliyeshona nje ya mstari. Damu ikateremka kwenye turubai. Nyati akaiangalia, vichaka vikazunguka, akaanguka chali.

Alipofumbua macho, fundi alikuwa amekaa pembeni yake, leso ameizungusha vidoleni kwa meno, sasa akikaza fundo.

"Umeamka?"

"Jua tu, shemeji. Sikunywa maji."

"Jua gani?" Fundi akatazama mawingu, kisha akamtazama yeye kwa kirefu. "Nyati yule hakuwa na damu?"

Nyati akaketi, akapangusa majani kwenye shati.

"Hujawahi kuchinja hata kuku," fundi akasema, bila hasira. "Na springi ulijua. Nilikuona ukikitikisa kisu. Nikasema, huyu amechuna nyati, acha."

Zahanati walishona kilichoshoneka. Mshipa wa kukunja kidole gumba ulikuwa umekatika. Daktari alisema labda kitakunjika tena, na alilisema akiandika, bila kuinua kichwa. Nyumbani, dada hakumgombeza kaka yake. Alimuuliza tu, "Alikuwa anakata mkate, si uliona?" Akaingia ndani.

Kesho yake asubuhi Nyati alipofika kuwajulia hali, fundi alikuwa ameketi kitandani, shati limelala mapajani.

"Dada yako kaenda sokoni," akasema. "Yeye ataninyoosha mgongo na kupika. Kunivisha, kuninyoa na kunilisha ni zamu yako, leo na kila siku. Uje mapema."

"Nitakuja, shemeji."

"Na uje kimya."

Nyati akamvisha, akaanza kufunga vifungo kwa vidole vyake vya lifti. Alipofika shingoni, kifungo kimoja kikabaki hakina tundu.

Fundi akainamisha macho, akakagua.

"Umeruka tundu moja huku chini," akasema. "Fungua vyote. Anza upya."