Risasi Isiyo na Duka
Kila mwaka, kabla ya kwenda kuwinda kulungu milimani Idaho, Verlin na shemeji yake Odell hushindana kuangusha sahani za chuma kwa bastola. Anayeshindwa huosha vyombo kambini msimu mzima. Odell hutumia risasi za ukubwa wa namba arobaini na nne, ambazo kila mtu anazo. Verlin hang'oki kwenye arobaini na moja, nyembamba kidogo, isiyo na wapenzi wengi.

“Teke lake mkononi ni dogo, na shabaha haiyumbi,” alisema Verlin mwaka huu.

“Hata lile trekta lako lisilowaka ulilisifu hivyohivyo, shemeji.”

Sahani zote za Odell zikaanguka, na za Verlin pia, kwa hiyo ikabidi warudie. Verlin akapapasa kisanduku chake cha risasi, akakikuta kitupu. Duka la mjini halikuwa limeleta risasi zake tangu masika. Akawageukia wawindaji waliokuwa wakitazama, nao wakamnyooshea viganja vilivyojaa risasi za arobaini na nne.

“Chukua tu, shemeji,” Odell akasema kwa upole.

“Unajua haziingii kwenye bastola yangu.”

“Najua.”

Kambini, Verlin alisugua sufuria ya maharagwe akisisitiza kwamba risasi yake haikushindwa, lililoshindwa ni duka. Odell akakubali kabisa, kisha akamletea na birika.