Tiketi ya Mtu Mmoja

Jana usiku niliota nimepewa siku ya mapumziko kazini, nikaamua kwenda kuona maporomoko ya maji peke yangu. Mpaka hapo hakuna la ajabu, ila hilo la peke yangu. Naishi Norwe mwaka wa sita sasa, napika kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nina stashahada ya lishe, na sijawahi kwenda popote bila mtoto. Binti yangu Tumsifu nilimwacha na baba yake. Nikafunga mkoba, nikaondoka.

Basi lilikuwa tupu. Dereva alikuwa kabichi aliyevaa kofia.

"Unashuka wapi, mama?"

"Kwenye maporomoko."

"Umeshafika."

Kiti changu kikawa jiwe, sakafu ya basi ikawa majani yenye umande. Sikushangaa. Usafiri wa huku hauchelewi.

Mbele yangu kuna bango: ACHA NYAYO ZAKO TU. Wageni wanabandua nyayo zao na kuzianika kwenye kamba kama soksi. Nami nabandua zangu. Zinatoka vizuri, ila wa kushoto una ufa kisiginoni. Najiambia nitaupaka mafuta nikirudi.

Napanda hadi getini. Ni geti la chuma la kusukuma kwa tumbo, yale yanayopitisha mtu mmoja mmoja. Nyuma yake maji yananguruma, lakini siyaoni.

"Tiketi," geti likasema.

Nikalipa, nikalionyesha tiketi. Likainusa.

"Hii ni ya mtu mmoja."

"Ndiyo. Niko mmoja."

"Jina?"

"Mama Tumsifu."

"Hapo mko wawili. Rudi."

"Wewe huoni? Mtoto nimemwacha nyumbani."

"Mtoto umemwacha. Jina lake umekuja nalo."

Mkoba wangu ukakohoa. Koti dogo la mvua la Tumsifu likatoa kola nje. "Na mimi nimo," likasema. "Biskuti zake zimo. Soksi za akiba zimo."

"Nani kawaweka humo?"

"Wewe. Ulikuwa unapakia huku unaimba."

Nikafunga zipu.

Geti likanieleza kwamba maji yanafungwa saa kumi, na asiye na jina lake mwenyewe hapiti. Siku yangu nyingine ya kuwa peke yangu, likasema, imepangwa Tumsifu akishaolewa. Tumsifu ana miaka mitano. Sikuwa na mpango wa kusubiri.

Nikatafuta jina langu kichwani. Nikakuta Mama Tumsifu, nikakuta mke wa Elinami, nikakuta dada wa jikoni, na Mama tupu, ambalo huniita hata wale wazee wenye miaka tisini. Chini ya hayo palikuwa peupe. Nikafungua pasipoti. Penye jina hapakuwa na kitu, na picha yangu ikanigeuzia kisogo.

"Mimi niliambiwa nisitabasamu tu," ikasema. "Mengine sikuambiwa."

Kulia kusingefungua geti. Nikampigia simu mama yangu.

Simu haikuita. Geti lilisogea pembeni kidogo, na mimi nikawa jikoni kwake, Usangi, kule milimani Upare. Mama amekaa kwenye kigoda, anasukuma kuni chini ya sufuria ya makande. Maporomoko yananguruma nyuma ya ukuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mama Tumsifu. Mbona umekonda? Mjukuu wangu yuko wapi?"

"Yuko na baba yake. Mama, naomba uniite jina langu. Nina haraka."

"Si nimeshakuita?"

"Lile la kwanza. Ulilonipa wewe."

Mama akaweka mwiko chini. "Nikuite jina kavu, mtu mzima mwenye mtoto wake? Majirani wasikie, waseme namdharau binti yangu? Siwezi."

"Majirani wako mbali."

"Sufuria inasikia."

"Nasikia," sufuria ikasema.

Nje geti linatangaza kwamba wanakaribia kufunga. Ukuta unatoa jasho. Maji yanachungulia kwenye nyufa, kisha yanarudi nyuma, kama mgeni ambaye hajaambiwa karibu.

Mama yangu namfahamu. Kumbembeleza ni kupoteza muda. Tangu nijifungue, jina langu humtoka akiwa amekasirika tu, na akikasirika hana habari na majirani. Nikaona la kufanya. Nikachota makande kwa mwiko wake mwenyewe, nikaonja, nikatafuna taratibu. Yalikuwa matamu kama siku zote.

"Mama, nikwambie ukweli?"

"Niambie."

"Makande ya mama mkwe wangu ni matamu kuliko haya."

Sufuria ikaacha kuchemka.

Mama anasimama. Kigoda kinasimama naye. Anajishika kiuno.

"Umesemaje?"

"Ya mama mkwe. Maharage yake yanaiva, yanalainika. Haya yako mtu anatafuna mpaka taya linauma."

"Yule? Yule anayetia magadi?"

"Hata hayo magadi yake yananoga."

"NAKIJWA!"

Ukuta ukaanguka. Ulianguka kwa adabu, upande wa nje, bila kumgusa mtu. Maporomoko yakaingia jikoni, marefu kuliko kanisa, meupe, yakimwagika kutoka darini mpaka kwenye mafiga bila kuzima moto. Geti likafunguka lenyewe.

"Mmoja," likasema. "Pita."

"Abee!" nikaitika, kwa sauti ambayo sikujua kama bado ninayo, nikapita.

Nilisimama chini ya yale maji. Nyuma yangu mama alikuwa bado anagomba, sasa amefika kwenye harusi yangu na pilau walilopika upande wa pili, lakini sikugeuka. Maji yalinipiga mabegani kwa nguvu, na hayakuniuliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi. Nilikaa pale mpaka nikatosheka. Kisha nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Nilikuwa mkavu kabisa. Elinami alikuwa anakoroma, na mguu wa Tumsifu ulikuwa juu ya tumbo langu, kama kawaida yake. Nikautoa, nikaenda kubandika chai.

Simu yangu ilikuwa mezani. Mama alikuwa ametuma ujumbe wa sauti kutoka Usangi alfajiri, wakati sisi tumelala. Nikaufungua huku natafuta majani ya chai.

"Nakijwa! Nimeamka na hasira na wewe, wala sijui imetoka wapi. Hebu nieleze, hayo makande ya mama mkwe wako yana nini?"

Nitamjibu nikishakunywa chai. Kwa sasa nimeurudia ujumbe mara kadhaa, kile kipande cha mwanzo tu, kabla hajafika kwenye makande.