Fundo la Kona ya Nne

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bi Mkubwa hakuwa na jembe. Alikuwa na sindano ndefu ya kushonea magodoro, na siku ya tatu akamkabidhi kijana aliyeingia mtaani kwao na mfuko mmoja wa nguo, asiye na ndugu wala jamaa.

"Kaa hapa barazani na mdogo wako," alimwambia, akimwonyesha mwanawe. "Mkishona, mshone pamoja. Mkila, mle pamoja."

Kijana yule sasa ana mvi, na ana kiwanda cha magodoro chenye geti la chuma na malori yake. Mtaa bado unamwita Mgeni. Zamani lilikuwa jina la mapenzi. Alipojenga ghorofa, likaingia uchachu. Walisema amezika kitu chini ya mashine. Walisema yeye mwenyewe halali, usingizi wake amewauzia wateja. Mgeni alicheka tu. Mti wenye matunda ndio upigwao mawe.

Hakuwasahau waliompokea. Mwana wa Bi Mkubwa, aliyeitwa Shoto kwa kuwa alishika sindano kwa mkono wa kushoto, ndiye aliyekuwa msimamizi wa kiwanda. Bi Mkubwa naye, macho yakiwa yamefifia, alikuwa na kiti chake kivulini karibu na geti. Kila asubuhi Mgeni alimpelekea chai mwenyewe, akakishika kikombe mpaka vidole vya mama vilipate sikio lake, asije akajiunguza.

Mashine zilishona godoro lote isipokuwa kona moja. Kona hiyo ya nne ilifungwa kwa mkono, na Mgeni au Shoto tu. Anayefunga hutia mkono ndani mara ya mwisho, akapapasa pamba kama imekaa sawa, kisha akafunga kwa fundo linalojificha ndani ya mshono. Mgeni alikuja na fundo hilo kutoka kwao, na pale barazani alilifundisha kwa watu wawili tu: mama na mwanawe.

Siku hiyo mama mmoja alifika na godoro juu ya mkokoteni, na mgongoni mtoto mwenye vipele mwili mzima. Nyuma yake walikuja watu, na nyuma ya watu bwana afya. Bwana afya alilipasua godoro palepale getini. Zikamwagika bandeji kuukuu za hospitali, zimekakamaa kwa madoa ya kahawia.

"Tunalalia vidonda vya watu!"

"Arudi kwao!"

"Na ghorofa je, atalibeba kichwani?"

Aliyesema la ghorofa alikuwa mpakiaji wake mwenyewe. Mwaka jana Mgeni alimwahisha mke wa mpakiaji huyo kwa lori kwenda kujifungua.

"Hili ni godoro lako?" bwana afya aliuliza.

"Kitambaa ni changu. Vilivyomo ndani si vyangu."

"Nikikifunga kiwanda leo, kisahau. Na kibali chako cha kuishi hapa kitaangaliwa upya."

Mgeni alimgeukia Shoto, kama mtu anayeegemea ukuta wa nyumba yake. "Mdogo wangu, hebu waambie."

Shoto alitazama viatu vyake. "Kona anafunga kaka mwenyewe. Sisi wengine hatujui anatia nini humo."

"Nani? Mimi peke yangu?"

"Godoro hili sikuligusa. Naapa kwa mama yangu."

Mgeni hakupata hasira. Alichopata ni baridi, tena juani. Aliinama, akatia mkono kwenye ile kona ya nne, iliyobaki nzima, vidole vikalitafuta fundo. Lilikuwepo. Lilikuwa limelalia kushoto.

Zamani alikuwa akimtania: "Fundo lako limelewa, mdogo wangu, halisimami wima!" Wakicheka mpaka Bi Mkubwa awatupie mwiko. Shoto angeweza kufunga fundo lolote, na asingejulikana. Lakini mkono uliozoea haumuulizi mwenyewe.

Mgeni alifungua kinywa. Ndipo alipomwona Bi Mkubwa kwenye kiti chake, amekikumbatia kikombe, shingo ameinyoosha kusikiliza. Mama aliyempa sindano. Akautoa mkono kwenye godoro.

"Kifunge kiwanda," alimwambia bwana afya.

"Unakiri?"

"Nimesema kifunge."

"Nipelekeni kwenye hiyo kona," Bi Mkubwa alisema.

Hakuna aliyesogea, isipokuwa yule mama wa mtoto mwenye vipele. Alimshika mkono taratibu, akampitisha kati ya watu, akamwinamisha. Vidole vya kizee vilikaa mle ndani kitambo.

"Mgeni, ulikuwa ukimcheka mwenzako. Ukimwambiaje?"

"Sikumbuki, Mama."

"Muongo wewe. Ulikuwa ukisema fundo lake limelewa." Aliinua uso upande aliko mwanawe. "Umeniapia mimi, mwanangu. Basi chukua sindano, ufunge moja mbele ya bwana afya, tulinganishe."

Shoto hakuichukua.

"Nitakuwa mdogo wako mpaka lini?" alimwambia Mgeni, macho mekundu. "Baraza letu, sindano yetu, mama yangu! Leo mimi ndiye naomba ruhusa kwako nikitaka kwenda msibani."

"Ungeniambia. Ningekupa hata nusu."

"Ndiyo hayo! Ungenipa."



Bwana afya aliondoka na Shoto. Watu wakatawanyika, wengine wakiapa kwamba wao walijua tangu mwanzo. Mpakiaji alibaki, akaanza kuzikusanya zile bandeji kwa koleo bila kutumwa, na bila kuinua uso.

Mgeni aliagiza godoro jipya kwa ajili ya yule mama. Kabla ya kulifunga alimwambia, "Dada, leo tia mkono wako wewe kwanza." Yule mama akautia mpaka kiwikoni, akapapasa, akaitikia kwa kichwa. Mgeni naye akamwambia ampeleke mtoto kwa daktari, lori litawasubiri.

Bi Mkubwa alikuwa amerudi kwenye kiti. Chai ilikwisha poa.

"Nimewapoteza wote wawili leo?" aliuliza.

"Mimi nipo, Mama."

Alikaa chini, miguuni pake, kona ya godoro mapajani, akaingiza sindano. Bi Mkubwa alimwekea mkono begani, akaulaza hapo. Fundo lilikaa wima, likajificha ndani ya mshono. Hapakuwa na mtu wa kutaniana naye.