Uyoga wa Kwenye Kisiki

Mwanamume mzima, ana mke na kitambi, kalala kifudifudi kwenye majani mabichi, makalio juu, simu puani, anapiga picha uyoga! Fundi cherehani alimtazama kupitia dirisha la chumba chake cha kushonea, akasonya.

"Ama kweli mdogo wangu aliolewa," alisema peke yake.

Mtu huyo alikuwa shemeji yake. Mdogo wake Fundi alibaki mjini kazini, mumewe akapata likizo, akaona aje shamba kwa mama mkwe "kuvuta hewa". Hewa gani? Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo na bustani ya Mama, kuanzia matuta ya kabichi mpaka kwenye ua wa michongoma, ilikuwa imeota uyoga wa kila namna. Basi Shemeji akaushangilia kama kauzaa yeye. Asubuhi anatoka na simu, jioni anarudi na magoti ya tope, halafu kila mtu asukumiwe kioo usoni: "Hebu ona mwanga ulivyopita hapa, Shemeji! Ona!"

Fundi hakuona. Alikuwa na magauni ya kumaliza, na tangu siku ya kwanza alimwona mtu yule si lolote si chochote. Maneno mengi, mikono laini, ukimuuliza kafanya nini cha maana maishani atakuonyesha picha ya konokono.

Siku hiyo alikuwa kazidi. Aliingia chumbani kwa Fundi bila hodi, akaazima chupa ya kunyunyizia nguo maji wakati wa kupiga pasi. Kumbe ni ya kuuogesha uyoga, ati matone yanapendeza pichani! Akautoa na udongo kwa mswaki. Mswaki wa nani, Fundi hakutaka hata kujua; alichukua wake akauficha kabatini.

Kisha akamwona anaelekea kwenye kisiki.

Kisiki kile kilikuwa cha Mama. Kila msimu wa mvua kiliota uyoga wa kahawia, na huo ndio pekee ulioingia jikoni kwake, tangu mumewe angali hai. Sasa macho ya Mama yalikuwa na ukungu, uso wa mtu alikuwa anaufahamu kwa sauti, lakini uyoga aliendelea kuuchuma kwa kupapasa. Hakuhitaji kuuchunguza. Ulioota kwenye kisiki unaliwa, ulioota kwingine waachiwe wadudu, hadithi imekwisha.

Shemeji alikuja na uyoga mweupe, mrefu, alioung'oa kule kwenye ua wa michongoma. Akauchomeka kwenye kisiki katikati ya ule wa kahawia, mmoja hapa, mwingine pale, akarudi nyuma, akainamisha kichwa, akauhamisha tena. Alikuwa anaupamba kama bibi harusi. Akapiga picha, akapiga tena, akajichekea, akaondoka. Mweupe akauacha palepale.

Fundi aliweka mkono kwenye komeo la dirisha. Angeweza kumwita. Halafu akaushusha mkono. Aseme nini na kichwa kitupu kama kile? Mwache, Mama akikuta kisiki chake kimechezewa atampasha, na yeye Fundi atasikiliza kwa raha zake zote. Akachukua simu, akampigia mdogo wake.

"Mumeo leo anasugua uyoga kwa mswaki," alisema.

"Dada, muache mume wangu!"

"Nimuache mara ngapi? Alivyolala pale chini, nikadhani kafa, kumbe anasubiri uyoga utabasamu!"

Walicheka mpaka machozi yakawatoka. Walipomalizana, Fundi akarudi kwenye zipu iliyomtesa tangu asubuhi, na zipu ikamla akili yote. Harufu ya vitunguu ilipomfikia, alichofikiria ni njaa tu.

Mezani Shemeji alimpakulia Mama kwanza, kwa adabu zake zilezile za kujipendekeza. Kisha, huyoo, simu.

"Shemeji, hii ya leo utakubali tu."

Fundi alitazama, na alitazama ili apate la kukashifu. Akaona kisiki. Akaona uyoga ule mweupe kama chaki, umesimama katikati ya uyoga wa Mama.

"Mama, usile!"

Alikipiga kijiko kikaruka ukutani, mchuzi ukammwagikia Mama mapajani. Akachota kwa upawa kwenye sufuria: vipande vya kahawia, na vyeupe, vingi.

"Umemeza? Mama, umemeza?"

"Sijaonja hata chumvi. Kuna nini?"

"Muulize huyu! Kang'oa sumu kule uani kaja kuipanda kwenye kisiki chako, apate picha!"

Shemeji alisimama. "Haki ya Mungu, Mama, sikujua kama unachuma pale. Sikujua."

"Utajua nini wewe? Lijitu zima halijui uyoga wa kula na wa kuua! Nilikuona kwa macho yangu mawili ukiuchomeka, nikasema moyoni, mjinga ni huyu, hana mwenzake!"

Mama alikuwa anajifuta mapaja. Mkono ukasimama.

"Ulimwona?"

Fundi aliuchungulia upawa.

"Nimekuuliza, mwanangu. Ulimwona anauchomeka?"

"Nilimwona."

"Na mimi nilipita kwako na bakuli, nikakwambia naenda kwenye kisiki. Ukaniitikia. Ulikuwa unacheka na simu."

Fundi hakukumbuka kuitikia. Hakukumbuka hata mlango kufunguliwa.

Mama aliinuka polepole, akanyoosha mkono upande ambako Shemeji alikuwa analia kwa kwikwi kama mtoto.

"Baba, usilie. Nishike unipeleke nikanawe."

Shemeji alimshika kwa mikono miwili, wakatoka, na Fundi akabaki mezani na upawa mkononi.