Ngozi ya Ndama

Hapa kijijini Mamba, juu mlimani, watu huniuliza maswali ya ng'ombe, nami huyajibu, kwa kuwa nilijifunza kusoma ukubwani, darasa la jioni, na vitabu vya mifugo nikavisoma mwenyewe. Kwa nini ng'ombe hucheua? Tumbo lake lina vyumba vinne. Je, hulala amesimama? Husinzia tu; akitaka usingizi wa kweli hujilaza. Swali lililonishinda ni la mke wangu, Asteria. Aliniuliza kama ng'ombe hujua kuwa mwanawe amekufa.

Tulikuwa tumetoka kumzika binti yetu Beatha. Homa ilimchukua, akatuachia Naanyu, mtoto aliyekuwa bado ananyonya. Maziwa ya kopo mtoto aliyatema, uji akaukataa, akazidi kukonda. Zahanati walituambia asipokunywa tumpeleke hospitali ya Same akalazwe. Tumaini letu likabaki kwa ng'ombe wetu, ambaye maziwa yake Beatha alikuwa ameanza kumwonjesha mtoto. Lakini ndama wake naye akafa kwa kuhara, na mama yake akazuia maziwa. Nilimkanda kiwele kwa maji ya moto, nikampa pumba. Hakutoa kitu.

Yonas, mume wa Beatha, alipanda kutoka kwao tambarare na kunikuta nachimba shimo la kumfukia ndama. Aliniamkia, akamtazama ng'ombe bandani.

"Baba, ninyi wa mlimani mnamfunga ng'ombe kama mfungwa, halafu mnashangaa akigoma."

Nilicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Kisha akaniomba kisu. Alimchuna ndama, akaipaka ngozi chumvi, akaja nayo bandani. Asteria alisimama mlangoni kumzuia.

"Mnamdanganya mama aliyefiwa."

"Huenda anajua, mama," Yonas akasema taratibu. "Lakini akisikia harufu ya mwanawe, mwili unalegea."

Asteria akampisha. Ng'ombe alinusa ngozi, akaanza kuilamba, na maziwa yakashuka.

Tuliyachemsha, tukayapoza. Naanyu akageuza uso. Yonas alijaribu, nami nikajaribu, hadi mtoto akachoka hata kulia. Ndipo Asteria akaingia chumbani, akatoka na khanga ya Beatha, ile aliyotukataza kuifua tangu mazishi. Alijifunga kifuani, akampokea mtoto bila kututazama. Naanyu alizamisha pua kwenye khanga, akahangaika akitafuta, kisha akatulia. Akanywa kikombeni, mkono mmoja umeishika khanga.

Yonas alitoka nje, akasimama karibu na banda, ametugeuzia mgongo.

Mtoto sasa anakunywa, na kila nikikamua naipaka ngozi chumvi tena, nayo inatosha kushusha maziwa. Khanga haina chumvi ya kupaka. Jana Asteria aliinusa kwa muda mrefu, akaniletea na mimi. Akaniuliza kama harufu ya Beatha bado ipo.

Nilisikia moshi wa jikoni tu. Nikamjibu kuwa ipo.