Mstari wa Njano Usioondoka

Mwalimu Chediel alitupa muda hadi Ijumaa. Asiyeleta ripoti ya jaribio la mwanga, jina lake halipelekwi kwenye mtihani wa fizikia. Ilikuwa Jumatano, na kila nilichochoma kilitoa rangi ya njano.

Darasa letu la jioni hapa Kintinku lina watu tisa. Mimi nina miaka hamsini na tatu, na kazi yangu ni kuchuja udongo wa mbugani na kuchemsha chumvi. Nilimwomba Mungu miaka mingi anipe nafasi ya kusoma. Aliponipa, sikutaka kuichezea.

Wiki iliyotangulia mwalimu alituonyesha kwenye kompyuta mwanga wa galaksi mbili, umetawanywa kama upinde wa mvua. Katika mmoja, mstari mwekundu wa haidrojeni uling'aa sana.

"Hii bado inazaa nyota," alisema. Katika wa pili mstari huo haukuwepo. "Hii imekoma kuzaa."

"Lakini inaishi," nilisema, na akina mama wa nyuma wakacheka.

"Inaishi, mama." Akaeleza kwamba mwanga wa galaksi za mbali umesafiri muda mrefu mno, kwa hiyo tunaziona zilivyokuwa zamani. Wataalamu hulinganisha mistari ya galaksi za mbali na ya zile za karibu, wakajua galaksi hubadilika vipi zinapozeeka. Kila elementi ina mistari yake. Sisi tungeitafuta kwenye moto.

Tulikuwa na taa ya spiriti, boksi lenye tundu jembamba na kipande cha sidii ndani cha kutawanya mwanga, na waya wa shaba. Shaba hutoa kijani. Waya wangu ulitoa njano mara nne. Kila mara niliomba kimoyomoyo, nikaufuta vizuri kwa kanga, nikaurudisha motoni.

Deo, fundi wa reli anayekaa karibu nami, alichungulia. "Mama Asnath, wewe hata ukichoma maombi yatatoka njano."

"Maombi hayachomwi, mwanangu. Hebu jaribu wewe."

Alikata kipande kipya, akakishika kwa koleo lake. Kijani safi. Kilipopoa nikakipokea, nikakifuta, nikakichoma. Njano.

"Unakiroga hicho," alisema.

Nikaitazama kanga. Ndiyo niliyojifunga asubuhi nikikoroga chumvi. Nikaigusa, nikalamba kidole. Chumvi tupu. Mwalimu alishatuambia kwamba sodiamu ya chumvi huwaka njano na kufunika rangi nyingine. Kumbe kila nilipousafisha waya, niliupaka chumvi.

Nilinawa kwa maji mengi, nikakata waya mpya kwa koleo la Deo. Kijani kikatokea, na mistari yake nikaiona ndani ya boksi. Nilisema asante Bwana, safari hii kwa sauti.

Nilimwambia mwalimu nitaandika kijani tu. Akakataa.

"Andika na njano, na ilikotoka. Wanaopima galaksi nao huingiliwa na mwanga wa anga letu lenyewe, na ndani yake umo mstari huohuo wa sodiamu. Wasipouondoa, watasema galaksi ina kitu ambacho ni chetu."

Ijumaa nilipeleka kurasa tatu, moja na nusu zikiwa habari ya kanga. Mwalimu alizisoma amesimama, akatabasamu, akaandika jina langu kwenye orodha ya mtihani: Magdalena Hosea.

Deo alikuwa bado ameinamia daftari lake.

"Mama," alininong'oneza, "nigawie kosa moja. Ripoti yangu imekuwa fupi mno."