Kumbukumbu za Kikao Ambacho Bado Hakijafanyika

Siku ya Alhamisi, saa moja na dakika zake asubuhi, mwanamke aliyejulikana soko zima kwa cheo cha Waziri alikuwa amesimama mbele ya choo cha umma, ndoo mkono mmoja, karatasi mkono wa pili, akisoma. Cheo hicho hakupewa na serikali. Alipewa na wauza mboga, nao walikitoa kwa ukamilifu wake: Waziri wa Haja Ndogo na Kubwa. Wizara yake ilikuwa na milango minne, mapipa mawili ya maji, na msumari mmoja mrefu kila chumba wa kuchomekea karatasi. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ameifungua alfajiri na kuifunga jioni, na hakuna waziri mwingine aliyeweza kudai kama yeye kwamba kila aliyeingia ofisini kwake alitoka amepata nafuu.

Karatasi zilitoka kwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, mwenye duka la fotokopi mkabala na ukumbi wa baraza la mji. Mashine ya shemeji ilikuwa na tabia ya kutafuna. Katika kila nakala kumi, mbili zilitoka zimekunjamana au nusu nyeusi kama masizi. Shemeji hakuzitupa. Alizifunga kwa kamba, akazileta sokoni kila jioni, naye Waziri alizikata vipande vinne vinne na kuzipeleka msumarini. Lakini kabla ya kukata, alisoma. Hakukuwa na barua ya kuomba kazi wala ya kumfukuza mtu shule iliyompita. Mji mzima ulimpitia mikononi kabla haujaenda mahali pengine.

Asubuhi hiyo alisoma hivi: "Kumbukumbu za kikao cha kawaida cha Baraza la Mji, kilichofanyika Alhamisi, saa nne kamili asubuhi."

Akatazama tarehe. Akatazama jua. Alhamisi ilikuwa leo, na saa nne ilikuwa bado karibu saa tatu mbele.

Akaendelea hadi ajenda ya sita. Humo, diwani muuza saruji alikuwa ametoa hoja kwamba choo cha soko kibomolewe na mahali pake pawe maegesho ya magari ya waheshimiwa madiwani. Wajumbe wote walikuwa wameafiki kwa kauli moja. Tena, "msimamizi wa choo, aliyekuwepo ukumbini, alisimama na kulishukuru baraza kwa uamuzi wake wa busara."

"Nimeshukuru?" Waziri aliiuliza ndoo.

Nyuma yake alikuja wifi yake, muuza vitunguu, mimba ya miezi minane ikimtangulia.

"Wifi, nipishe, tafadhali. Mtoto kanikalia kibofu."

"Ingia, mama, ingia sana. Wakubwa wanataka kuegesha gari hapo unapochuchumaa."

"Wakubwa gani?"

"Ingia kwanza."

Choo kingine cha karibu kilikuwa kwenye kituo cha mabasi, ng'ambo ya barabara kuu, na magari ya barabara ile hayakulipisha hata gari la wagonjwa. Wifi alikuwa akienda haja kila nusu saa. Waziri alipiga hesabu ya safari hizo kichwani, mara moja tu, kisha damu ikaanza kumchemka kweli. Alimwachia wifi funguo na kiti, akavua aproni, akaenda kwa shemeji kwa miguu ya mtu anayekwenda kuvunja kitu.

"Shemeji, hizi ulizitoa lini?"

"Jana mchana," alisema shemeji, bila kuinua kichwa kwenye mashine. "Katibu wa baraza huleta siku moja kabla. Anasema vikao vyote vinafanana, ya nini kusubiri?"

"Siku zote?"

"Tangu ninunue mashine hii. Anazipanga mezani mlangoni, waheshimiwa wanasaini wakiingia, huku wanapokea chai." Shemeji akacheka. "Mwaka juzi aliandika kwamba diwani mmoja alitoa hoja nzito kuhusu mitaro. Kumbe yule mzee alizikwa siku mbili kabla!"

"Akasahihisha?"

"Atasahihishaje? Zilikuwa zimeshasainiwa."

Waziri hakucheka. Alikunja nakala yake yenye masizi, akavuka barabara.

Ukumbi wa baraza ulikuwa na meza ya nusu duara iliyotandikwa kitambaa cha kijani, feni tatu ambazo moja ndiyo ilizunguka, na nyuma viti vya plastiki vya wananchi, vyote vitupu. Aliketi kile cha mbele kabisa. Kutoka hapo aliona kila kitu. Waheshimiwa tisa waliingia mmoja mmoja, mkono wa kulia ukisaini, wa kushoto ukipokea kikombe, macho yakitafuta sahani ya maandazi. Hakuna aliyeangalia alichosaini. Katibu, mtu mwembamba mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka inakata, aliketi kando ya Mwenyekiti na kalamu yake mfukoni. Kalamu ile ilikuwa na kifuniko, na kifuniko hakikutolewa.

Kikao kikaanza. Waziri akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza na kufuata.

Mwenyekiti alifungua kwa dua na kuwakumbusha wajumbe umuhimu wa kufika kwa wakati. Ilikuwa imeandikwa. Mjumbe mmoja alisikitikia mbwa wazururao. Ilikuwa imeandikwa. Kwenye ajenda ya nne diwani mzee kuliko wote "alichangia kwa kina juu ya taa za barabarani", na kweli mchango wake ulisikika ukumbi mzima, maana alikuwa akikoroma kidevu kifuani. Kila neno lililopatana na karatasi lilimwongezea Waziri kuni kwenye moto wa kifuani. Angewasamehe kama wangekuwa waovu wa kukesha wakipanga njama. Hawa hawakupanga hata kidogo. Walikuwa wanaimezea chai habari ya choo chake.

"Ajenda ya sita," alisema Mwenyekiti.

Muuza saruji akasimama, akafunga kifungo cha koti, akakohoa.

Waziri naye akasimama. Akasoma kwa ile sauti aliyozoea kuwahimizia wanaokaa chooni zaidi ya haja:

"'Mheshimiwa alisema kwamba mji unaokua unahitaji maegesho.'"

"Mji unaokua..." Muuza saruji alikuwa ameshaanza. Akafunga mdomo.

"Nani huyo?" aliuliza Mwenyekiti.

"Waziri wa choo," alinong'ona mtu.

"Mama, mwananchi haruhusiwi kuchangia hoja."

"Sichangii, Mheshimiwa. Nasoma tu. Michango mmeshaitoa wenyewe, tangu jana."

"Kaa chini! Unavuruga kikao!"

Waziri akapitisha kidole kwenye ukurasa. "Hilo halimo humu. Hapo umejitungia mwenyewe, hongera."

Mwenyekiti akamwita askari wa mlangoni. Askari alipiga hatua tatu, na hapo mwalimu mstaafu, diwani aliyejua kanuni zote za baraza na kumchosha kila mtu kwazo, akainua mkono kama anasimamisha gari.

"Askari, bakia hapo hapo! Kumbukumbu zikishasainiwa ni hati ya umma, na mwananchi ana haki ya kuzisoma. Na hizi zimesainiwa. Nimezisaini mimi mwenyewe, mjinga mimi." Akageuka. "Mama, mimi nimesema nini humo?"

"'Mwalimu alipiga meza mara mbili, akasema hana la kuongeza.'"

"Mimi?" Mwalimu alikuwa mwekundu wa macho. "Miaka thelathini na minne darasani, na siku zote nina la kuongeza!"

"Tunajua," alisema mtu kwa uchovu.

"Na mimi?" Aliyeuliza alikuwa diwani pekee wa kike, mwoka mikate, aliyekuwa kimya tangu dua.

Waziri alimtazama kabla ya kusoma. "'Diwani mwoka mikate alitabasamu, akaafiki kwa niaba ya wanawake wote.'"

Feni ilizunguka. Mwoka mikate aliweka kikombe chake mezani polepole, kama kinaweza kulipuka.

"Nilitabasamu," alisema.

"Ndivyo alivyoandika."

"Mabinti zangu watatu wanauza mikate pale sokoni tangu alfajiri, na choo chao ni hicho. Nikaafiki kibomolewe. Huku natabasamu." Akamgeukia Katibu. "Wewe kaka, lini mara ya mwisho umeniona nikitabasamu humu ndani?"

Katibu alitazama kitambaa cha kijani.

"Tupige kura, tumalize!" alisema Mwenyekiti, jasho likimteremka. "Wanaoafiki hoja, wainue mikono."

Muuza saruji aliinua. Mwenyekiti aliinua. Wengine walitazama ile karatasi yenye masizi mkononi mwa Waziri, na mikono yao ikawa mizito mapajani, maana kuinua mkono kulikuwa ni kumtii Katibu mbele za watu. Kimya kile kilimwamsha mzee wa taa za barabarani.

"Tumefika wapi?"

"Ulikuwa unakaribia kuafiki, baba," alisema Waziri.

"Nani kasema?"

"Katibu."

"Katibu? Yeye ni nani hata aniafikie mimi?" Na mzee akakunja mikono kifuani kwa hasira za mtu aliyekatizwa usingizi.

Wawili waliafiki. Saba walikataa. Mwoka mikate alipiga makofi peke yake.

Waziri hakupiga. Alikuwa akiwatazama wale saba, na hasira yake badala ya kushuka ilikuwa ikipanda. Mmoja tu ndiye aliyewataja wanaotumia choo. Waliobaki walikiokoa kwa sababu wameumizwa majivuno yao. Kama Katibu angewaandikia maneno matamu zaidi, saa hii wangekuwa wanampongeza.

Ndipo Katibu alipokohoa kwa adabu.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kuna tatizo dogo la utaratibu. Kumbukumbu za leo zimeshasainiwa. Kwa desturi ya baraza letu, kilichosainiwa ndicho kilichofanyika. Kura hii nzuri tunaweza kuiingiza kikao kijacho, chini ya yatokanayo."

"Kikao kijacho ni lini?" aliuliza mwalimu.

"Mwezi ujao."

"Na tingatinga la kubomoa linakuja lini?"

"Jumatatu."

Uso wa Mwenyekiti ulianza kurudiwa na rangi. "Kama utaratibu ndio huo," alisema, "mimi ni nani niuvunje?"

Waziri hakukumbuka baadaye jinsi alivyopita viti. Askari naye alisema hakumwona, ingawa alimpita karibu hata akamkanyaga. Alichokumbuka ni kwamba alikuwa amefika meza kuu, amezikusanya kumbukumbu zilizosainiwa na kuziweka chini ya kiganja chake, na mbele ya Katibu ameweka karatasi moja nyeupe aliyoivuta kwenye rundo la Mwenyekiti.

"Toa kifuniko cha kalamu," alisema. "Andika."

"Niandike nini?"

"Kilichotokea."

Katibu alitoa kifuniko. Alishika kalamu juu ya karatasi. Ncha ilishuka, ikapanda tena. Waheshimiwa walinyoosha shingo. Miaka yote aliyokaa kwenye kiti kile, mtu yule hakuwahi kusikiliza kikao, na sasa ilionekana wazi kama mchana.

"Nani alianza?" aliuliza hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Aliyeanza ni huyo wa saruji, na hakumaliza. Andika."

Akaandika. Alipokwama, mwalimu alimtajia. Mwalimu alipozidisha, mwoka mikate alimpunguza. Mzee wa taa alidai iandikwe kwamba alikuwa akitafakari, wakabishana dakika kumi, ikaandikwa kwamba alilala.

"Na wewe, mama?" aliuliza Katibu. "Niandike umesemaje?"

"Andika kwamba msimamizi wa choo alisema huu ni ufedhuli, na kwamba wanawake mia mbili wa soko hili si watu wa kusemewa na mtu ambaye hata hakuwauliza."

"Mama, kumbukumbu rasmi haziandiki maneno makali."

"Za kwako zimeandika marehemu akitoa hoja ya mitaro. Andika."

Katibu akaandika. Mwoka mikate akazitoa zile za zamani chini ya kiganja cha Waziri, akazichana vipande vinne vinne, tena kwa ustadi, na mwalimu akatangaza kanuni inayoruhusu jambo hilo. Inawezekana aliitunga papo hapo. Hakuna aliyembishia.

Kisha wakasaini upya, lakini safari hii hakuna aliyeruhusiwa kusaini kabla ya kusoma hadi mwisho. Ilichukua muda. Wengine walisoma midomo ikichezacheza. Mmoja alilazimika kutuma mtu garini amletee miwani, na ikajulikana kwamba miwani ile bado ilikuwa na karatasi ya dukani. Chai ilipoa. Wa mwisho alikuwa Mwenyekiti, naye alisoma sehemu yake mara mbili.

"Hapa nilisema hivi kweli?" aliuliza. "'Mimi ni nani niuvunje?'"

"Ulisema," walijibu watu sita.

Akasaini, kalamu ikikwaruza.

Mwoka mikate alimshika Waziri bega. "Haya, mama. Choo kimebaki. Sasa si ufurahi kidogo?"

"Nifurahie nini?" Waziri alikuwa ameshaanza kuelekea mlangoni. "Asubuhi nilikuwa na choo. Sasa nina choo. Mmenilia saa tatu nzima kunirudishia kitu changu, na wifi yangu yuko kule peke yake na foleni, mimba kubwa, ndoo hazijajazwa maji."

Akatoka bila kuaga.